Mwezi Nyuma ya Mnara wa Taa: Picha Ipigwayo kwa Hesabu

Katika duka moja la kijijini palikuwa na kalenda iliyotundikwa ukutani, na juu ya kalenda hiyo palikuwa na picha ya mnara wa taa, wa namna ile ijengwayo pwani ili kuongoza vyombo vya baharini wakati wa usiku. Mnara ule ulikuwa na mistari myeupe na myeusi iliyouzunguka toka chini hata juu, kama nyoka auzungukavyo mti. Nyuma yake mwezi mpevu ulikuwa umechomoza, mkubwa kama sinia la harusi, hata ukalingana na mnara wenyewe kwa urefu.

Watu wawili walikuwa wakibishana juu ya picha hiyo. Mmoja alikuwa karani kijana, na wa pili mzee mkulima aliyekuja kununua chumvi. Karani alisema, "Mzee, picha hii ni ya uongo. Mwezi nauona siku zote, nami sijauona mkubwa namna hii. Mtu ameupiga picha mwezi peke yake, akaukuza, kisha akaubandika nyuma ya mnara."

Mzee akajibu, "Huenda ni kweli usemayo, mwanangu. Lakini kabla hujamwita mtu mwongo, mwulize kwanza alisimama wapi."

Mimi niliyekuwa nikisikiliza niliona kwamba mzee alikuwa ameshika kiini cha jambo. Siri yote ya picha za namna hii imo katika swali lile: mpiga picha alisimama wapi, na kwa nini alisimama pale. Kwa kuwa wasomaji wengi wameona picha kama hizo nao wakashuku kama karani yule, si vibaya kueleza habari zake kwa taratibu.

MNARA WENYEWE

Maandishi madogo chini ya picha yalisema kwamba mnara ule ni wa Cape Hatteras, katika jimbo la North Carolina, nchi ya Marekani. Ni mnara wenye sifa kubwa. Ulianza kuwaka mwezi wa Desemba, 1870, nao una urefu wa mita 60 hivi. Ni katika minara mirefu ya matofali duniani. Mistari yake ya kuzunguka ilipakwa mwaka 1873, ili mabaharia wautambue wakati wa mchana wasiudhanie kuwa mnara mwingine. Wakati wa usiku huutambua kwa taa yake, ambayo humulika mara moja kila baada ya sekunde 7 na nusu.

Haja ya taa ile ilikuwa kubwa. Mbele ya rasi hiyo yako mafungu ya mchanga yaliyotambaa mbali baharini chini ya maji, na mikondo miwili ya bahari, mmoja wa joto na mmoja wa baridi, hukutana karibu na hapo. Meli nyingi zimevunjika katika maji yale, hata watu wakayaita Makaburi ya Atlantiki.

UKUBWA WA MWEZI NA UREFU WA MNARA

Sasa turudi kwenye picha. Upana wa mwezi ni kilomita 3,474, nao uko mbali nasi kwa wastani wa kilomita 384,400. Ukiugawanya umbali huo kwa upana wake utapata 110 na ushei. Maana yake ni hii: kitu chochote kilicho mbali nawe mara 110 ya urefu wake kitaonekana machoni pako sawasawa na mwezi.

Jambo hili kila mtu aweza kulijaribu bila gharama. Chukua punje ya mbaazi, ambayo upana wake hukaribia milimita 6, uinyoshe mbele yako kwa urefu wa mkono, ufumbe jicho moja, kisha uilinganishe na mwezi mpevu. Utaona kwamba punje hiyo ndogo yaufunika mwezi wote. Tena ujaribu mara mbili: kwanza mwezi ukiwa umetoka sasa hivi penye upeo wa macho, ambapo huonekana mkubwa sana, na mara ya pili ukiwa juu utosini. Punje ile ile itaufunika mara zote mbili. Ukubwa ule wa jioni ni udanganyifu wa macho yetu wenyewe, wala mwezi haukukua.

Basi tutie hesabu hiyo katika mnara wa Cape Hatteras. Mita 60 mara 110 ni mita 6,600, yaani kilomita 6 na nusu na zaidi kidogo. Mtu asimamaye umbali huo huuona mnara mzima sawa na mwezi mpevu. Akisimama nusu ya umbali huo, mwezi utakuwa nusu ya mnara. Na mgeni asimamaye karibu, tuseme mita 500 tu, huona mnara mrefu sana, na miezi kumi na mitatu yaweza kupangwa mmoja juu ya mwingine kando yake. Ndiyo sababu mtu huyo akipiga picha, mwezi hutoka kama kitufe.

Twaona basi kwamba mpiga picha hakuukuza mwezi. Aliupunguza mnara kwa kurudi nyuma, kisha akatumia lenzi ndefu ivutayo vitu vya mbali, ikavileta vyote viwili karibu kwa kiasi kile kile. Lenzi ya milimita 500 huuchora mwezi kwa upana wa milimita 4 na nusu ndani ya kamera, na lenzi ya kawaida ya milimita 50 huuchora chini ya nusu milimita tu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye atakaye mwezi mkubwa nyuma ya mnara sharti auache mnara, aende zake mbali.

HESABU ZA BAHARIA NI ZIZO HIZO

Msomaji asifikiri ya kwamba hesabu hii ni mchezo wa wapiga picha peke yao. Maofisa wa meli wameitumia kwa miaka mingi kuokoa maisha ya watu. Urefu wa kila mnara umeandikwa katika ramani za bahari. Ofisa huupima mnara kwa chombo cha kupimia pembe kiitwacho sekstanti, akajua waonekana kwa pembe ya kiasi gani, kisha kwa hesabu fupi akajua yuko mbali nao kiasi gani. Ofisa aliyeona mnara wa mita 60 ukilingana na mwezi mpevu amekwisha kuwa kilomita 6 na nusu tu kutoka mnarani, na katika bahari yenye mafungu kama ile umbali huo si wa kupuuza. Kwa mpiga picha kosa la hesabu ni kupoteza jioni moja. Kwa ofisa yule ni meli na watu wake.

SIKU NA SAA

Kujua umbali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua siku, saa na upande.

Kila mkulima ajua kwamba jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Hapa kwetu karibu na ikweta, mwezi wa Juni hutokea upande wa kaskazini ya mashariki kwa digrii 23 hivi, na mwezi wa Desemba huhamia kusini ya mashariki kwa kiasi hicho hicho. Kule Cape Hatteras, ambako ni mbali na ikweta, husogea kwa digrii 29 hivi kila upande. Mwezi mpevu hufanya kinyume cha jua, kwa kuwa hukaa upande unaolielekea: jua likiwa kusini, mwezi mpevu huwa kaskazini. Tena mwezi huchelewa kuchomoza kila siku kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo mtu aliyechagua mahali pa kusimama, mnara ukiwa upande fulani wa dira, ana siku chache tu katika mwaka ambazo mwezi mpevu utapita nyuma ya mnara huo. Na wingu moja likitanda saa hiyo, ajue ya kuwa amengoja bure, angoje tena.

Siku hizi ziko programu za simu ambazo humwonyesha mtu upande na saa ya kuchomoza kwa jua, mwezi na sayari, mahali popote na siku yoyote. Zamani watu walipata hayo kwa vitabu vya majedwali, ramani, dira na rula. Kazi ni ile ile, ila imekuwa nyepesi.

Saa yenyewe ikifika, mambo huenda upesi. Kwa sababu ya kuzunguka kwa dunia, mwezi husogea angani kiasi cha upana wake kwa muda wa dakika mbili tu. Katika dakika hizo mbili taa ya Cape Hatteras humulika mara 16, basi atakaye mwezi ulio nyuma ya mnara pamoja na taa inayomulika ana nafasi 16 na si zaidi.

Kuna na taabu nyingine. Katika nchi zilizo mbali na ikweta mwezi haupandi wima. Hupanda ukienda mshazari. Kule Cape Hatteras hujivuta kuelekea kulia, na mtu aliye umbali wa kilomita 6 na nusu atakaye kuuweka nyuma ya mnara sharti asogee kushoto kiasi cha mita 16 kila dakika. Mwenye kamera nzito na miguu yake mitatu ana kazi ya kukimbia mchangani gizani. Mtu wa Mombasa amejaliwa zaidi katika hili: kwake jua na mwezi hupanda karibu wima, na kwa umbali ule ule angesogea mita 2 tu kwa dakika.

MWANGA WA MWEZI NA MWANGA WA MNARA

Wengi wamefika mahali sawasawa, kwa saa yake sawasawa, wakarudi na picha yenye mwezi mweupe kama karatasi isiyo na alama. Sababu ni kwamba mwezi, ingawa twauona usiku, ni jiwe linalopigwa na jua la mchana. Kamera lazima itengenezwe kama mtu anayepiga picha mchana. Lakini mnara uko katika giza la usiku, nao wataka muda mrefu wa kuingiza mwanga. Hayo mawili hayapatani. Njia iliyo njema ni kutumia siku moja kabla ya mwezi kukamilika, wakati mwezi hutoka kabla jua halijazama. Hapo mnara bado una nuru ya jioni, mwezi nao umekwisha kuonekana, na vyote viwili huingia katika picha moja bila hila yoyote.

JUA: JIHADHARI NA MACHO YAKO

Hesabu ya mwezi ni karibu sawa na ya jua. Upana wa jua ni kilomita 1,392,000, na umbali wake kutoka kwetu ni kilomita 149,600,000, yaani mara 107 ya upana wake. Ndiyo maana mwezi waweza kulifunika jua wakati wa kupatwa. Basi mahali pa kusimama kwa picha ya jua hapatofautiani sana na pa mwezi.

Lakini tofauti ya hatari ni kubwa mno. Mtu asitazame jua kamwe kupitia darubini au lenzi ndefu yenye kioo cha kuchungulia, hata kwa nukta moja. Lenzi hukusanya joto na nuru ya jua ndani ya jicho kama kioo cha kuwashia moto kikusanyavyo miali juu ya majani makavu. Tena ngozi nyororo ya nyuma ya jicho haina hisia ya maumivu. Mtu aweza kuungua asijue mpaka baadaye, aonapo doa jeusi lisiloondoka. Atakaye kupiga picha ya jua sharti afunge mbele ya lenzi kichujio kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Miwani ya jua haitoshi. Hata jua jekundu la machweo lisichezewe. Picha hupigwa tena mwaka ujao, lakini jicho halinunuliwi.

SAYARI: ZUHURA, MUSHTARI NA ZOHALI

Wazee wa pwani wenye elimu ya falaki wanajua kwamba jua, mwezi na sayari zote hupita katika njia moja ya angani, ile ya buruji kumi na mbili. Kwa sababu hiyo hukutana mara kwa mara, na mnara unaofaa kwa mwezi waweza kufaa kwa sayari pia. Ila sayari ni ndogo mno machoni. Mushtari, ambayo ni kubwa kuliko zote, haipati hata sehemu ya thelathini ya upana wa mwezi. Mbele ya mnara hutoka kama nukta ya nuru, wala hakuna lenzi ya kawaida itakayoifanya sinia. Uzuri wa picha ya sayari umo katika mpangilio wake: nyota mbili au tatu juu ya ncha ya mnara, au Zuhura ikiwaka kando ya mwezi mwandamo.

Mkutano uliopata sifa kuu ulikuwa tarehe 21 Desemba 2020. Jioni hiyo Mushtari na Zohali zilikaribiana hata zikawa zimeachana kwa sehemu ya kumi ya digrii, yaani sehemu ya tano ya upana wa mwezi. Sayari hizi mbili hukutana kila baada ya miaka 20 hivi, lakini hazikuwa zimekaribiana kiasi hicho tangu mwaka 1623, na hazitafanya hivyo tena mpaka mwaka 2080. Kwa kipimo cha mnara wetu wa mita 60 uonekanao sawa na mwezi, zingetengana kwa mita 12 tu juu ya mnara. Na hali kwa kweli Zohali ilikuwa nyuma ya Mushtari kwa kilomita zaidi ya milioni 700! Hilo nalo ni funzo: vitu viwili kuonekana pamoja si dalili ya kuwa viko pamoja.

KUTAMBUA PICHA YA UONGO

Karani yule hakukosa katika kushuku, maana picha za kubandika zipo kweli, na siku hizi ni rahisi kuzitengeneza kuliko zamani. Lakini kushuku si kupima. Atakaye kujua na atazame mambo haya. Kwanza, alinganishe mwezi na mnara, apige hesabu ya umbali, kisha aulize kama kuna mahali pa kusimama umbali huo. Pili, kama ni mwezi mwembamba, sehemu yake yenye nuru sharti ielekee upande lilipo jua. Tatu, nyota haiwezi kuonekana ndani ya sehemu ya mwezi iliyo na giza, kwa kuwa mwezi ni kitu kizito wala si dirisha. Nne, mwezi mpevu hutoka jua lizamapo. Akiuona uko juu sana angani na jua bado lazama, ajue kwamba picha hiyo ina mkono wa mtu.

Neno moja kwa walio karibu na pwani yetu. Siku za mwezi mpevu ni siku za bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mpiga picha aendaye mwambani maji yakiwa yamekupwa, akajisahau kwa kutazama angani, aweza kugeuka akute njia yake imefunikwa. Aulize wavuvi kwanza.

MNARA ULIOHAMA

Ufukwe wa Cape Hatteras uliliwa na bahari mwaka hata mwaka, mpaka mawimbi yakakaribia msingi wa mnara. Mwaka 1999 mafundi waliuinua mzima mzima, uzito wa tani 4,800 hivi, wakausukuma polepole juu ya reli kwa muda wa siku 23, toka tarehe 17 Juni hata tarehe 9 Julai, mwendo wa mita 880 na ushei. Haukupata ufa. Lakini kila mahali pa kusimama palipokuwa pamehesabiwa kabla ya siku hizo palibatilika, ikawa lazima kuanza upya kwa ramani na dira. Mwezi ulipita njia yake kama kawaida.

JARIBIO LETU

Niliwaeleza wale wawili dukani hesabu ya 110. Karani aliiandika kwenye karatasi akainyamazia. Mzee akasema, "Hapa sokoni tuna tangi la maji la mita 10. Si lingefaa?"

Basi jioni iliyotangulia mwezi mpevu tulitoka sokoni tukaenda upande wa magharibi, barabarani, karani akihesabu hatua. Mita 1,100 zilikuwa hatua zake 1,400 hivi. Tuligeuka tukangoja. Karani alikuwa ametazama upande wa mwezi katika simu yake, lakini mwezi ulipotoka ulikuwa kushoto ya tangi, ikatupasa kupita katika shamba la mtu, kwa idhini yake, mpaka vyote viwili vikakaa sawasawa. Tangi lote, miguu na kichwa, lilikuwa ndani ya duara la mwezi, wala halikuzidi.

Karani alipiga picha kwa simu. Mwezi ulitoka mdogo kama punje ya ulezi, na tangi ndani yake ni kama unywele. Hata hivyo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha mzee.

"Ni ndogo, mzee," alisema.

"Ni ndogo," mzee akakubali, "lakini sasa ukiulizwa ulisimama wapi, unalo jibu."